Dume Mwekundu wa Paulinus Alinga

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumatano ile ya Februari ulipotutoka katika hospitali moja ya Busia, ukiwa na miaka sabini na mmoja. Jioni ya mwisho ulimwambia muuguzi kwamba lazima urudi nyumbani kabla ya Jumamosi kwa sababu Jumamosi ni siku ya macho. Yule dada alidhani una miadi na daktari wa macho. Sisi tulijua unawazungumzia kondoo.

Tunakuandikia hapa mbele ya watu kwa sababu kuna jambo tulilokukosea siku ile ile tuliyokuzika, na hatupendi ulisikie kutoka kwa wengine. Majirani wa Adungosi nao wasome. Wengi wao walikula ile nyama.

Lakini tuanze na wewe kwanza.

Ulipakua malori mpakani Malaba miaka ishirini na miwili. Chumvi, simiti, mahindi, vyote vilipita mgongoni mwako, na ulipoacha kazi ulirudi nyumbani na mgongo ambao ulikubali kulala sakafuni tu. Kila baada ya chakula ulijinyoosha chali jikoni, na Mama akawa anakuruka akienda kupakua mboga. Ulisema hapo chini ndipo unaposikia habari zote za nyumba.

Bibi, mama yako, alikuachia kondoo jike wawili, wekundu, wenye mkia mnene, ambao hawana sufu bali nywele fupi kama za mbuzi. Wakati huo kila mtu alikuwa anatafuta wale weupe wenye kichwa cheusi, kwa kuwa wanakua haraka na wana nyama nyingi. Ulicheka tu. Ulisema wale ni wageni, mvua ikikaza wanataka dawa, wanataka kubembelezwa, ilhali hawa wa Bibi wamezoea matope ya huku tangu zamani. Kwenye ekari zako sita ukawafuga mpaka wakafika kumi na tisa, na hukuruhusu tone la damu nyingine liingie humo.

Uliwapa majina ya kina mama wa kanisani. Yule aliyependa kusukuma wenzake majini ulimwita Benta, na jirani yetu Mama Benta alipojua alikununia Kwaresima nzima. Hukubadilisha jina. Ila mumewe alipofariki ulimpelekea kondoo jike mwenye mimba, bila maneno mengi, ukamwambia akizaliwa jike ampe mtu mwingine aliyefiwa. Alifanya hivyo. Siku hizi akipita hapa anamuita kondoo Benta kwa jina lake mwenyewe, anamuuliza amelalaje.

Kila Jumamosi asubuhi uliwapanga mlangoni mwa zizi, ukamshika mmoja mmoja kichwa, ukafunua kope la chini kwa kidole gumba. Kwako kulikuwa na mapera ya aina mbili. Ndani ya kope kukiwa kwekundu kama pera jekundu, kondoo ni mzima, anaenda zake malishoni. Kukiwa kweupe kama pera jeupe, minyoo imemnywa damu, na huyo peke yake ndiye uliyempa dawa. Hukuwapa wote kwa pamoja hata siku moja. Na aliyehitaji dawa mara mbili mfululizo ulimpenda vilevile, ila hukumwacha azae.

Sasa tuje kwa Chifu.

Kila mwaka wa pili, Desemba, ulivaa koti lako la kazi, ukamchukua Chifu, yule dume mwekundu, ukampandisha bodaboda kati yako na dereva, ukaenda Malaba. Jioni ulirudi na dume mwekundu. Mama alikuwa anakungoja langoni amejishika kiuno.

"Umeenda na dume, umerudi na dume," alikuwa anasema. "Leo pia hujauza?"

"Soko lilikuwa baya," ulimjibu.

Basi Mama alicheka mpaka leso ikamwanguka. Aliwasimulia wenzake wa jumuiya, wakacheka nao. Safari sita, miaka kumi na miwili, mzee Alinga anashindwa kuuza kondoo mmoja. Hata watoto wa mwanao Sydney, Sharlyne na mdogo wake, walijua kuigiza ukishuka kwenye pikipiki. Wewe ulilala sakafuni ukatabasamu, na hukuongeza neno.

Utani huo, Baba, ndio uliotuponza.

Siku ya kukuzika watu walijaa kuliko tulivyotarajia. Walikuja wapakuzi wenzako wa Malaba, walikuja watu wa Funyula, mpaka wengine kutoka Osieko wakiwa na samaki. Akol, mtoto wa ndugu yako, ndiye aliyesimamia majiko. Alimfuata Ajiko, binti yako kifungua mimba, aliyekuwa amekaa karibu na jeneza, akamuuliza ni mnyama gani aongezwe, maana ng'ombe hatatosha.

Ajiko hakuinuka. Alitazama zizini, akamwona Chifu amesimama peke yake, mkubwa kuliko wote. Alihesabu moyoni: huyu amekuwapo tangu yeye ana miaka ishirini na sita. Amezeeka. Afadhali aende na bwana wake, itakuwa heshima. Akanyoosha kidole.

Baadaye Akol alirudi na taya mkononi. Alikuwa amechanganyikiwa.

"Dada, hebu angalia. Huyu si mzee. Ana meno mawili tu ya ukubwa."

"Achana na meno," Ajiko alimwambia. "Watu wana njaa."

Nyama iliiva. Watu walisifu. Ajiko mwenyewe alikula vipande viwili, na hilo ameomba liandikwe.

Baada ya Pasaka akaja mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka, mzee mrefu mwenye kofia ya plastiki, akitembea kutoka stejini. Alisimama langoni, akatusalimu kwa lugha yetu, "Yoga," kisha akavua kofia. Aliitwa Eriaku. Alisema habari ilichelewa kumfikia, kwamba mlipakua malori pamoja, na kwamba hakuna mtu aliyemfanya acheke wakati amebeba gunia kichwani isipokuwa wewe. Alisali kaburini. Alikunywa chai. Ndipo akasema kwa upole kabisa:

"Mama, naomba nimuone Chifu kabla sijarudi."

"Yule mzee?" Mama akasema. "Tulimchinja siku ya mazishi, baba. Alikuwa amekwisha."

Eriaku aliweka kikombe chini. "Mzee gani? Chifu amefika hapa Desemba. Mimi mwenyewe nilimleta mpaka getini Malaba, nikamkabidhi kamba."

Hapo ndipo tulipojua. Chifu hakuwa mmoja, walikuwa sita. Wewe ulikuwa unampeleka dume aliyemaliza miaka yake miwili kwetu, na Eriaku anakuletea mwingine kutoka kwa shemeji yake anayekaa mji wa Kumi, huko huko ng'ambo, mwekundu yule yule, mkia ule ule, ili dume asije akapanda binti zake mwenyewe. Waliotoka kwako nao walienda kwa Eriaku, wakapanda majike hadi Kumi. Hakuna aliyemuuzia mwenzake. Sharti lilikuwa moja tu: dume wa mzunguko hachinjwi, hauzwi, akizeeka anarudishwa alikozaliwa. Mlikuwa na karatasi ya daktari wa mifugo kila safari, mlikuwa na mpango, mlikuwa na kila kitu. Sisi tulikuwa na kicheko tu. Alipoulizwa Eriaku kwa nini wote waliitwa Chifu, alisema mlikubaliana hivyo kwa kuwa chifu huhamishwa.

Mama alianza kucheka. Alicheka akafunika mdomo kwa leso, halafu tukaona mabega yake na tukajua hacheki tena.

"Nani alimchagua?" Eriaku akauliza.

Akol alikuwa anapasua kuni pale pale uani. Macho yote yakamwendea, maana yeye ndiye aliyeshika kisu. Kwa miezi miwili nyumba nzima ilikuwa imesema mara mbili tatu kwamba Akol alichinja bila kufikiri, na yeye hakujitetea hata siku moja. Aliendelea kupasua kuni.

"Ni mimi," Ajiko alisema. "Akol aliniuliza, nikamwonyesha kwa kidole. Tena aliniletea meno, nikamfukuza."

Shoka lilinyamaza. Ajiko alitamani atukanwe, lakini mzee hakumtukana.

"Shemeji yangu nitamwambia nini mimi?" alisema, kama anayejiuliza mwenyewe. Kisha, "Alikuwa amepanda?"

"Tangu Desemba."

"Basi mungojee. Akizaliwa dume, mumlee vizuri, mumlete yeye mwenyewe getini akiwa mzima. Huyo ndiye atazunguka mahali pa baba yake, na mimi nitapata uso wa kuomba mwingine Kumi. Wasipozaliwa madume, mama, imekwisha. Sitaweza kurudi kule mikono mitupu."

Hivyo, Baba, kazi yako ya miaka kumi na miwili, na ya Bibi kabla yako, ikabaki matumboni mwa kondoo watano.

Mei alizaliwa jike. Akazaliwa jike mwingine. Juni, jike, na jike tena. Katika maisha yako hakuna aliyewahi kusikitika zizini kwako kwa kuzaliwa jike, lakini mwaka huu Ajiko alikuwa anainua mkia wa mtoto, anaushusha, anakwenda kukaa kwenye cherehani yake bila kushona. Alibaki Benta. Mama Benta mwenyewe alikuja kumsimamia, akamwambia kondoo mwenye jina lake asimwaibishe mbele ya watu. Wiki ya pili ya Julai alizaa dume, mwekundu mpaka masikioni. Mama Benta alitembea soko zima la Adungosi akipokea hongera.

Agosti alikuja Sydney wako kutoka Nakuru. Alishuka kwenye pikapu na dume mweupe mwenye kichwa cheusi, mnene, mzuri kwa kweli, hatutamsingizia.

"Dada, miezi sita hakuna mimba mpya humu ndani," alisema. "Unangoja nini?"

"Nangoja Malaba."

"Malaba watakuletea nini? Huyu hapa. Mwaka mmoja tu utaona watoto wana uzito mara mbili. Hata Baba angekuwa hai angekubali."

"Angekubali?"

Sydney alimgeukia dume wake. Anakujua. Lakini alikuwa na hoja, na tunaiandika kwa haki: kondoo kumi na wanne wanakula nyasi na hawazai, mtoto mmoja wa kiume ana mwezi mmoja tu, na kuhara kwa siku mbili kunatosha kummaliza. Ajiko hakuweza kumjibu kwa hesabu. Alimwambia tu kwamba alishanyoosha kidole mara moja bila kuangalia vizuri, na hatanyoosha tena. Yule mweupe akafungwa ng'ambo ya barabara, kwa Akol, na kila asubuhi majike wako walisimama kwenye uzio wakimtazama. Watu waliokuwa wanapita walitucheka sana.

Novemba mvua ilikaza. Yule mweupe alianza kukohoa na kukonda, Akol akawa anamnywesha dawa kila wiki ya pili. Wekundu wako waliendelea kukanyaga matope. Tulikuwa tumeanza kujivuna, ndipo Jumamosi moja Ajiko akamkuta mtoto wa Benta amesimama pembeni, na chini ya taya yake kuna uvimbe umening'inia.

Alifunua kope. Baba, kujifunza rangi si sawa na kukutazama wewe ukizijua. Aliona kweupe, akaona kama kuna wekundu kidogo, akafunua tena, akashindwa kabisa. Alikimbia kwa Mama Benta akachuma mapera mawili, akayapasua, akayashika moja huku na moja huku ya jicho la mtoto, mvua ikimnyeshea. Lilikuwa pera jeupe.

Alimpa dawa, yeye peke yake. Mama, ambaye miaka yote hakuwahi kuingia zizini kwako kwa sababu ya harufu, alimbeba mtoto akamweka jikoni, pale sakafuni ulipokuwa unalala, akamlisha majani ya viazi vitamu jani moja moja. Alikuwa anamruka akienda kupakua mboga.

Jumamosi iliyofuata uvimbe ulikuwa umepungua, ila kope bado lilikuwa karibu na jeupe. Akol akasema apewe tena, asife. Ajiko alikuwa na chupa mkononi. Alijua sheria yako: wa dawa mara mbili mfululizo hawi dume wa zizi. Akimpa, ataishi, lakini mzunguko umekufa. Asipompa, huenda akafa yeye na mzunguko pamoja. Alikaa chini kando ya Mama na chupa mapajani, akalia, akasema, "Baba angejua."

"Baba yenu alikuwa anaangalia mara mbili," Mama alisema. "Asubuhi, na tena jua likiwa juu. Nilikuwa namwona kutoka hapa dirishani. Ngoja jua."

Tulingoja. Saa sita mawingu yakafunguka kidogo, tukamtoa mtoto uani, Ajiko akafunua kope akiwa ameshika mapera mengine mawili. Kope halikuwa jekundu. Lakini jeupe pia halikuwa. Alifunga chupa akairudisha juu ya kabati, na usiku huo hakulala vizuri, wala sisi. Jumamosi ya tatu, mtoto alimponyoka mikononi akakimbilia kwa mama yake, ikabidi Akol amkamate ndipo aangaliwe. Lilikuwa jekundu. Sydney alipopigiwa simu alisema yule mweupe auzwe Krismasi, na kwamba atakuja na dawa ya kupulizia kupe, ya wekundu.

Juzi Alhamisi Ajiko alivaa koti lako la kazi. Mikono ilimzidi, akaikunja. Alimpandisha mtoto wa Benta bodaboda kati yake na dereva, karatasi ya daktari mfukoni, akaenda Malaba.

Eriaku alikuwa amefika kabla yake, na kamba mkononi, na mwisho wa kamba dume mwekundu wa Kumi. Kwanza aliangalia meno ya huyu wetu. Akafunua kope, jicho la kulia, jicho la kushoto. Akampapasa mgongo.

"Amefanana na baba yake," alisema, akampa Ajiko kamba.

Malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka huko, vijana wakipiga kelele, na Ajiko alikuwa na swali ambalo amelibeba tangu Pasaka.

"Mzee, kwa nini hakutuambia? Angetuambia tu mara moja, nisingemgusa yule."

Eriaku alicheka. "Nilimuuliza hivyo hivyo. Akaniambia, mke wangu ana kazi nyingi, anacheka mara moja kwa wiki. Lakini wiki ya Malaba anacheka siku nne. Nikimwambia ukweli, nitamchekesha na nini?"

Ajiko alirudi njia nzima akiwa ameshika pembe za Chifu, na dereva wa bodaboda alimuuliza mara mbili kama ni vumbi limemwingia machoni.

Mama alikuwa langoni. Anajua kila kitu sasa, Baba. Anajua walikuwa sita, na huyu ni wa saba. Alijishika kiuno vile vile.

"Umeenda na dume, umerudi na dume," alisema. "Leo pia hujauza?"

"Soko lilikuwa baya, Mama."

Akacheka. Leso ikamwanguka, hakuiokota. Tunakuandikia leo, siku ya tatu, na asubuhi hii amecheka tena peke yake akikoroga uji.

Misa ya kukuombea itakuwa Jumamosi ijayo saa tano, nyumbani Adungosi, baada ya macho. Akol atasimamia majiko, na safari hii tunamwomba radhi hadharani. Chakula ni kuku, samaki na maharagwe. Hakuna kondoo atakayechinjwa.

Unakumbukwa na mkeo Petronilla Amuron. Wanao Ajiko na Sydney, na mkwe wako Vivianne. Wajukuu wako Sharlyne na Emuron. Akol, mtoto wa ndugu yako. Rafiki yako Eriaku wa ng'ambo pamoja na shemeji yake wa Kumi. Jirani yako Mama Benta, na Benta.

Lala salama, Baba. Kila Desemba ya mwaka wa pili mmoja wetu atavaa koti lako, na hatutakusahau kamwe.